Pampu Niliyokuwa Namwekea Fundi

Alhamisi, katikati ya Julai. Daraja Mbili, Arusha.

Baridi. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa hayajaamua kama ni mvua au ni ukungu tu. Mlima sijauona tangu Jumapili. Watu wanapita barabarani wamevaa makoti ya mtumba mpaka masikioni, na kati ya watu watatu wanaoingia famasi, mmoja anakohoa. Huu ndio mwezi wetu wa mavuno, huwa tunataniana hivyo kila mwaka mimi na Pendo, msaidizi wangu wa kaunta. Mwaka huu hakuna aliyetania.

Sijalia bado.

Leo ni siku ya tisa tangu Fundi Lomayani afariki. Mimi nakula, nalala, nafungua famasi saa mbili kamili, nawaambia watu hii kutwa mara tatu baada ya chakula. Ukiniuliza nasikia nini, nitakujibu sisikii kitu. Ni ile ganzi ya daktari wa meno, unagusa mdomo wako na unajua ni wako, lakini ni kama umeuazima kwa mtu. Mume wangu ameniambia nipumzike wiki moja. Nimemwambia sawa, halafu nikavaa sweta nikaenda kazini.

Nieleze tangu mwanzo, maana najijua. Nisipoliandika hili lote leo, nitaanza kulikumbuka kwa namna inayonifaa mimi.

Fundi Lomayani alikuwa seremala. Karakana yake iko mtaa wa nyuma ya famasi yangu, na nyumbani kwake ni Olasiti. Mwarusha mrefu, miaka hamsini na kitu, mchache wa maneno, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili akiwa ndani ya suti anaelekea kanisani. Nilikuwa namwamkia shikamoo, naye anaitikia, "Marahaba, dokta." Mimi si daktari, ni mfamasia, lakini mtaa huu nilishaacha kuusahihisha zamani. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na kwa miaka minne alichukua pampu yake kwangu. Ile ya bluu, inayofungua kifua papo hapo.

Hapa lazima niseme habari ya kuwekea.

Kila mwenye duka mji huu anajua kuwekea. Muuza nyama anamwekea mteja wake maini ya Jumamosi. Mama wa mbogamboga anakuwekea mnafu uliochumwa asubuhi, na mtu mwingine akiutaka anaambiwa una mwenyewe. Mimi nami chini ya kaunta nina boksi, na ndani yake bahasha za kaki zenye majina ya watu. Dawa ikiadimika mjini, wateja wangu hawahangaiki. Na pampu msimu wa baridi huadimika. Nilijivunia boksi lile kuliko cheti changu kilichoning'inia ukutani.

Fundi alikuwa wa kwanza kuwekwa humo. Hakuwa na haja hata ya kuongea. Akifika anagonga kaunta kwa kidole mara mbili, mimi nainama, natoa bahasha, anaondoka. Walio kwenye foleni hawakupata hata muda wa kununa. Siku akibanwa na kazi nilimtumia kwa boda, na boda akirudi ananiambia Fundi anasema Mungu akubariki.

Nilidhani huo ni upendo. Na ulikuwa upendo, hilo sitalikana.

Mwanzoni pampu moja ilimchukua kama miezi miwili. Halafu ikawa mwezi. Halafu mwaka jana, baridi ilipoanza, nikaona anakuja kila baada ya wiki mbili. Niliona, sitadanganya kwamba sikuona. Unajua nilifanya nini nilipoona anazimaliza haraka? Nilianza kumwekea mbili.

Pampu moja ina mivuto mia mbili. Gawanya kwa siku kumi na nne. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na mimi nimesoma chuo kikuu. Mtu anayevuta mara nyingi hivyo, pumu yake imeshamzidi, mirija ya hewa imevimba na kuwaka ndani kwa ndani. Ya bluu inampa nafuu ya saa chache tu. Inayotuliza ule uvimbe ni nyingine, ya kahawia, ambayo inavutwa kila siku asubuhi na jioni, hata siku unayojiona mzima wa kupanda mlima. Haya yote nayajua. Nilifaulu vizuri somo hilo, mwalimu alinipongeza mbele ya darasa.

Tena hata hiyo ya kahawia alishaandikiwa. Miaka miwili iliyopita alitoka hospitali na cheti cha dawa, nikampa. Baada ya wiki akarudi, akaniuliza kwa nini haifanyi kitu. Nakumbuka kulikuwa na mama mwenye mtoto anatapika na mtu mwingine ananipigia kelele za risiti. Nikamjibu Fundi, "Endelea nayo tu." Hayo maneno matatu ndiyo ushauri wote niliowahi kumpa kuhusu dawa ile. Hakuendelea nayo. Hakuinunua tena, na mimi sikugundua, maana kitu kisichonunuliwa hakigongi kaunta.

Kuna na lingine. Siku moja nilimwona akivuta pampu pale nje, kabla hajavuka barabara. Alifungua mdomo wazi kama anayeonyesha jino bovu, akabonyeza mara mbili upesi upesi. Ule mvuke wote ukamrudia kwenye masharubu. Nilijisemea, siku moja nitamwelekeza. Nikaendelea kuhesabu vidonge.

Daktari alimwona labda mara moja kwa mwaka. Mimi nilimwona kila wiki ya pili.

Jumanne ya wiki iliyopita, alfajiri, kifua kilimbana nyumbani. Nimeyasikia haya msibani, kwa mke wake, Mama Naomi. Alivuta pampu, akavuta tena, akavuta tena. Wakamwita jirani mwenye gari. Walipofika njiani alikuwa bado anabonyeza. Hawakufika hospitali naye akiwa hai. Mama Naomi alinishika mikono miwili akaniambia, "Alikuwa nayo mkononi, dada. Ile uliyompa. Angalau hakukosa dawa."

Angalau hakukosa dawa. Nimeibeba hiyo sentensi wiki nzima.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake Olasiti. Mvua ilikuwa inatishia, mchungaji akafupisha. Mimi nilikaa na akina mama upande wa migomba, nimejifunga kitenge, mikono mapajani, sisikii kitu. Kwaya iliimba, nikaona midomo inafunguka na kufunga. Ulipofika wakati wa neno la shukrani, kaka wa marehemu akasimama na karatasi. Akawashukuru majirani, usharika, mafundi wenzake. Halafu akasema, na kwa namna ya pekee tunamshukuru dada yetu wa famasi, aliyemhudumia marehemu kwa miaka yote hii bila kuchoka, asimame tumwone.

Nikasimama.

Watu zaidi ya mia tatu wakanigeukia. Mama mmoja mzee akaniombea baraka kwa Kimaa, lugha yao, sikuelewa maneno lakini nilielewa mkono uliokuwa hewani. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nikakaa. Nilikula pilau la msiba, nikalimaliza. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote, kwamba nililimaliza.

Basi, hiyo ilikuwa Jumamosi. Sasa leo.

Matanga yaliondolewa juzi. Leo kama saa nne hivi asubuhi, famasi ina watu wawili tu, Mama Naomi akaingia. Amevaa nyeusi, amekonda ndani ya siku tisa. Nyuma yake Naomi, binti yao mkubwa, miaka ishirini, anasoma chuo cha mambo ya hoteli hapa mjini. Nikamwamkia mama, nikampa pole tena, akaitikia nimeshapoa. Wakakaa kwenye benchi. Nikasikia kifua cha binti kabla sijakiona, kinalia kile kifilimbi chembamba mwisho wa kila pumzi.

Mama Naomi akasema amekuja kwa jambo moja. Huyu mtoto naye amerithi kifua cha baba yake, kimemwanza palepale msibani, kwa baridi na moshi wa kuni. Amekuwa akitumia pampu iliyobaki ya marehemu, jana imeisha. Halafu akaniangalia kwa macho ya mtu anayeomba kitu anachojua hatanyimwa.

"Naomba na yeye uwe unamwekea, dada. Kama ulivyokuwa unamwekea baba yake."

Pendo aliacha kupanga dawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinama. Nataka hilo liandikwe. Mgongo wangu ulianza kuinama wenyewe kuelekea boksi, kwa mazoea, kabla kichwa hakijaambiwa.

Nikasimama wima nikamwambia siwezi kumwekea.

"Zimeisha?"

"Zipo, mama."

Nikaona uso wake unatafuta sababu, labda amekosea kuniomba mbele za watu, labda sasa baba wa nyumba hayupo nimewashusha daraja. Nisingeweza kumwacha na hiyo. Nikatoa pampu rafuni, nikaiweka kwenye kaunta, nikazunguka, nikachuchumaa mbele yao, nikasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti kavu ambayo siipendi. Nilisema pampu nitampa Naomi sasa hivi, maana kifua chake nakisikia. Lakini sitamwekea bahasha chini ya kaunta. Nilimwekea Fundi na sikupaswa. Kuzimaliza kwake mbio vile ilikuwa dalili kwamba pumu imemzidi, na mimi ndiye niliyekuwa naiona dalili hiyo kila wiki ya pili. Nilitakiwa nimkalishe, nimuulize, nimrudishe hospitali. Nilijua. Sikumuuliza hata siku moja.

Wale wateja wawili walikuwa wanasikia. Mmoja alianza kusoma maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi kwa bidii sana.

Nilitegemea atanipigia kelele. Nafikiri nilitamani anipigie, labda ganzi ingetoka. Mama Naomi hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Yeye alikuwa mbishi, asingekusikia. Lakini mimi ningempeleka. Ningempeleka hata kwa kumfunga kamba."

Akasimama, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Pampu ilibaki kwenye kaunta. Mimi nilibaki nimechuchumaa mbele ya benchi tupu. Ni Pendo aliyeinyakua akawakimbilia na ndala zake kwenye matope, akawakuta kwenye kona na kuitia mkononi mwa Naomi. Aliporudi nilimwuliza wameipokea? Akasema binti ameipokea, mama hakugeuka.

Baada ya hapo nilifanya kazi. Nilimpa mzee mmoja dawa ya presha, nikampimia bibi mwingine sukari, nikamweleza kijana kwamba antibaiotiki haitibu mafua. Katikati ya hayo nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba wameondoka na ya bluu peke yake. Ikiisha wataenda famasi nyingine, na huko watapewa bila maswali, kama nilivyokuwa natoa mimi. Naomi ataishia alikoishia baba yake, kwa mwendo uleule, ila kwa umri mdogo zaidi. Niliiona njia yote. Sikuwa na namba yao ya simu, na hata ningekuwa nayo, ningesema nini? Miaka minne nilikuwa na nafasi ya kusema na Fundi, akigonga kaunta mwenyewe.

Niliwaza pia, na hili ni la aibu, kwamba kesho mtaa mzima utakuwa unajua. Wateja wangu watanikimbia. Wazo hilo lilikaa kama dakika mbili, halafu likaondoka lenyewe kwa sababu sikulikaribisha chai.

Saa saba na nusu mlango ukafunguka. Naomi, peke yake, kitambaa cha kichwa kimelowa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko pale ng'ambo, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Anasema leo hawezi kuingia humu tena." Akatazama vidole vyake. "Ila amesema uniulize. Yale ambayo hukumuuliza baba, uniulize mimi."

Nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na miwili na sikumbuki kama nimewahi kupewa cheti kizito kama hicho. Watu walikuwepo wanne wanasubiri. Nikamwambia Pendo, wahudumie utakaoweza, wengine waniwie radhi. Nikamvutia Naomi kiti ndani ya kaunta, kwenye kile kijisehemu tunachonywea chai.

Nikaanza na la kwanza. Wiki hii amevuta pampu mara ngapi?

Akasema hajui, labda mara kumi kwa siku.

La pili. Usiku huwa anaamka kwa kukohoa au kukosa pumzi?

"Kila siku. Kuanzia saa tisa mpaka kunakucha."

Nikamuuliza mama anajua? Akasema yeye analala chumba cha nje, mama hasikii. Nikamuuliza, kwa hiyo tangu siku ya msiba hujalala? Hapo akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake. Halafu akasema haikuanza msibani.

Ilianza mwaka jana, baridi ilipoingia. Aliogopa kusema kwa sababu chuoni wanafanya mazoezi jikoni, kuna moshi, kuna mvuke, akaona wakijua atatolewa. Akamwambia baba yake peke yake, na akamwapisha asimwambie mama. Baba yake akamwambia usijali, dokta wa pale chini ni mtu wangu.

"Zile mbili ulizokuwa unatuma, dada, moja ilikuwa yangu."

Niliomba aseme tena. Akasema tena.

Mwaka mzima. Mwaka mzima nilikuwa natibu watu wawili kwa jina la mmoja, na sikuwa najua kwamba mmoja wao yupo. Swali moja tu lingeweza kumtoa huyu binti mafichoni. Fundi, mbona zinaisha upesi hivi? Maneno matano. Angenidanganya? Labda. Lakini alikuwa mtu wa kanisa na mimi nilikuwa mtu wake, na nadhani angegonga kaunta mara mbili kwa kutafuta la kusema, halafu angesema.

Sikumlaumu Naomi, na nilimwambia hivyo waziwazi. Nilimwambia pia kwamba mama lazima ajue, leo, na amwambie yeye mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia watu wengi wenye pumu wanafanya kazi jikoni, wanacheza mpira, wanazaa watoto, ikishikwa mapema na kwa dawa inayostahili. Haiponi, lakini inashikika. Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo. Labda hajawahi.

Halafu nikamwambia, chukua pampu yako, nionyeshe unavyovuta.

Akafungua mdomo wazi, kichwa juu, akabonyeza mara mbili upesi upesi. Mvuke wote ukamrudia juu ya mdomo, pale ambapo baba yake alikuwa na masharubu.

Amejifunza kwa kumtazama.

Hapo ndipo kitu kilipotikisika ndani yangu. Siwezi kusema nililia, sikulia, ila nilishika ukingo wa rafu. Nilijisikia vibaya, na baada ya siku tisa za kutojisikia kabisa, hata huko kujisikia vibaya nilikupokea. Nikamwambia ngoja, tuanze upya.

Tikisa kwanza. Toa pumzi yote nje, taratibu. Sasa weka mdomoni, fumba midomo kuizunguka, usiache upenyo. Anza kuvuta pole pole, na ukiwa unavuta ndipo ubonyeze, mara moja tu. Endelea kuvuta mpaka mwisho. Ibane pumzi, hesabu mpaka kumi. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alibonyeza akiwa amechelewa. Nikachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, nikaikausha, nikatoboa kitako chake kwa kiasi cha mdomo wa pampu, nikaziba kwa plasta, nikamwambia avutie kupitia shingo ya chupa, hapo hahitaji kuwahi kubonyeza. Mara ya tatu ilienda yote ndani. Tukangoja kidogo, akavuta tena. Nikaona mabega yake yanashuka. Baada ya dakika chache kile kifilimbi kilipungua mpaka nikawa nalazimika kukitegea sikio.

"Kumbe ndiyo inavyokuwa," akasema. Hakuniambia mimi hasa, alijisemea tu.

Nimemwandikia barua ya kwenda kliniki ya kifua, kwa mkono, ukurasa mzima: amevuta kiasi gani, anaamka saa ngapi, tangu lini, na baba yake amefariki kwa nini. Nimeandika pia kwamba kwa maoni yangu anahitaji dawa ya kila siku. Nimemweleza ya kahawia kabla hajapewa, kwamba hataona kitu siku ya kwanza wala ya tatu, kwamba huko kutoona kitu ndiko kunakowafanya watu waiache, na kwamba akishavuta asukutue mdomo na kutema. Nimemwambia usiku wa leo akibanwa na ya bluu isimpe nafuu, asingoje kukuche, wamkimbize hospitali. Nikachukua namba yake na ya mama yake. Nikampa yangu. Nimemwambia atakapokuja kuchukua dawa, hata kama foleni imefika barabarani, nitamuuliza maswali haya haya, na asinikasirikie.

Akauliza kama kliniki anaweza kwenda peke yake, maana mama kachoka. Nikamwambia kesho saa mbili tutakwenda wote, Pendo atafungua famasi.

Alipotoka nilimfuata kwa macho mpaka ng'ambo. Mama Naomi alisimama kibarazani, Naomi akaongea, nadhani alianza kumwambia, kwa sababu nilimwona mama anashika nguzo. Wakasimama vile muda mrefu, na mvua inawanyeshea wote wawili nusu nusu. Halafu mama akamfunika binti yake kwa khanga kichwani, wakaondoka. Hakutazama huku. Sijui kama atawahi kutazama huku, na sina haki ya kumwomba.

Wale wateja wanne walikuwa bado wapo. Mmoja alikuwa amejikalia zake kwenye benchi anachezea simu. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeondoka. Nikaangalia saa ya ukutani. Kuanzia Naomi alipokaa mpaka aliponyanyuka, pamoja na ile chupa na ile barua, zilipita dakika ishirini na mbili.

Fundi alikuwa mteja wangu kwa miaka minne.